Siku 12 Bahari ya Barents: barafu sikuiona, tope nimeliona

Siku ya 1, Tromsø

Kwanza niseme mimi si mwandishi, haya nawaandikia wale wa kwenye grupu wanaoniuliza kila siku "we jamaa unafanya nini huko kwenye mafriji", kwahiyo msije mkanisahihisha insha. Mimi mtu wa Unguja, nasomea mambo ya bahari hapa Tromsø kaskazini mwa Norwei, mwaka wa pili sasa, na mwezi huu wa Agosti nimepata nafasi kwenye meli ya utafiti, siku 12 kwenye Bahari ya Barents. Kazi yangu ndogo tu, kuchota maji, kuandika namba za chupa, na kunyamaza wakubwa wakiongea.

Jana usiku nilimpigia ami yangu kumuaga. Huyu mzee alikuwa nahodha wa jahazi miaka mingi, Pemba, Tanga, Mombasa, anarudi, saivi amekaa tu barazani magoti yanamsumbua. Nikamwambia shikamoo ami, naingia baharini kesho, bahari ya huku juu kabisa karibu na ncha ya dunia. Nilitegemea ataniuliza baridi, au dubu, kila mtu anauliza dubu. Yeye akauliza kitu kimoja, "kina chake pima ngapi?" Pima ni kipimo cha mabaharia, moja ni kama mita 1.8.

Nikakwama. Nikamwambia ami inategemea na sehemu. Akacheka, "kila bahari inategemea na sehemu mwanangu, wewe unasomea bahari na kina hukijui?" Alafu akaanza habari za bildi, ile kamba yenye risasi wakiishusha kupima kina, walikuwa wanapaka mafuta kwenye kitako cha risasi ili ikipandishwa waone imenata nini, mchanga, tope au makombe, na hapo nahodha anajua yuko wapi hata kama kuna kiza na pwani haionekani. "Ukirudi uniambie pima ngapi na chini kuna nini, hayo ya barafu kaa nayo."

Basi leo tumeondoka saa kumi jioni. Kabla ya kung'oa nanga wametuvalisha zile suti za kujiokoa za rangi ya machungwa, unaingia mwili mzima mpaka vidole, ukisimama unafanana na mdoli wa dukani. Tukaambiwa ukianguka bila hiyo suti hesabu yako ni ya dakika tu. Nikawa nimeshika reli ya meli mpaka usiku.

Siku ya 2, kutoka kwenye visiwa

Mpaka alfajiri tulikuwa bado ndani ya milango ya bahari, milima pande zote mbili, maji yametulia kama ya bwawa, nikajidanganya kwamba bahari ya huku ni rahisi. Tulivyopita kisiwa cha Fugløya tu, ikaja mawimbi ya mbali kutoka Atlantiki, marefu, yanakuinua taratibu na kukushusha taratibu, na tumbo langu likakataa. Mtu wa Unguja huyo, mjukuu wa manahodha, nimekumbatia ndoo. Mpishi akaniletea biskuti kavu na tangawizi akasema kula hata kama hutaki. Nikala.

Mchana tukafanya stesheni ya kwanza, yaani meli inasimama sehemu moja tupime. Tuna mtambo tunauita CTD, ni fremu ya chuma yenye chupa 12 kubwa zimepangwa duara kama chane za mkungu, na chini yake kuna vipimo vya joto, chumvi na kina. Unashushwa kwa winchi mpaka karibu na sakafu ya bahari, ukipanda unafunga chupa moja moja kwa kina unachotaka, na kwenye skrini unaona mistari inajichora yenyewe. Huyo ndo bildi wetu, nikimwonyesha ami atasema makelele mengi kwa kazi ndogo.

Hapa karibu na pwani maji ya juu yana digrii 10 na chumvi imepungua kidogo, mana huu ni mkondo wa pwani ya Norwei, umebeba maji ya mito na ya fiyodi zote (zile ghuba nyembamba kati ya milima) kuanzia kusini. Alafu ukienda mbele kidogo chumvi inapanda inapita 35 kwa elfu, na hapo mwalimu wetu, mama mmoja wa Kinorwei ambaye ananilazimisha nimwite kwa jina lake tupu kitu ambacho mdomo wangu unakataa, akagonga skrini na kalamu akasema "haya ni ya Atlantiki". Nikamwita mama tu, ameshazoea.

Siku ya 3, kati ya Fugløya na Bjørnøya

Zamu yangu ni saa sita usiku mpaka saa sita mchana. Mstari huu wa kutoka Fugløya kwenda kisiwa cha Bjørnøya Wanorwei wanaupima miaka na miaka, mana ndo mlango. Karibu kila kitu cha joto kinachoingia Bahari ya Barents kinapita hapa. Ni kama kukaa mlangoni kwenye harusi unahesabu wageni.

Na wageni wenyewe si wachache. Maji ya Atlantiki yanayoingia ni kama mita za ujazo milioni 2 kila sekunde. Mto Kongo unamwaga kama elfu 40 kwa sekunde, kwahiyo chukua Mito Kongo 50 uielekeze yote kwenye mlango mmoja, tena maji ya digrii 6 kwenye nchi ambayo hewa ya baridi inashuka chini ya sifuri miezi na miezi. Ndo mana bandari ya Murmansk kule Urusi, iko latitudo ya 69 kaskazini, meli zinaingia mwaka mzima, wakati sehemu nyingine za dunia zenye latitudo hiyohiyo bahari inakuwa zege.

Sasa nije kwenye kina, mana swali la ami linanikera. Bahari hii ina eneo la kama kilomita za mraba milioni 1.4, yaani uiweke Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zote na bado maji yanabaki. Kwa ukubwa huo ungetegemea shimo la ajabu. Kumbe wastani wa kina ni mita 230 tu! Mkondo wa Pemba peke yake, pale kati ya Pemba na bara, unafika mita 800 hivi. Yaani hii bahari kubwa yote imekaa juu ya rafu ya bara, ni nchi iliyozama. Ni ndugu wa mkondo wa Unguja kuliko wa Pemba, maana pale kwetu Unguja na bara ni maji mafupi tu.

Lakini si sahani bapa, na hapa ndo mambo yanapoanza. Saa nane usiku meli ilikuwa juu ya Bjørnøyrenna, handaki kubwa linaloanzia ndani ya bahari na kutokea magharibi kwenye kilindi cha Bahari ya Norwei. Ekosaunda, kifaa cha kupima kina kwa sauti, ikasoma mita 470, 475, 480. Mtaalamu wa sakafu, kijana mmoja mkimya anayekunywa kahawa kama dawa, akanivutia kiti nikae. Kwenye skrini yake sakafu inaonekana kwa rangi, na chini pale kuna mistari imekwaruzwa huku na huku, mingine imenyooka, mingine inakatiza kama mtu mlevi aliburuta jembe. Nikamuuliza trola za uvuvi hizi? Akasema baadhi, ila hii mikubwa ni milima ya barafu, ilikuwa inaelea na matako yake yanakwaruza chini. Maelfu ya miaka iliyopita. Na mikwaruzo bado iko, hakuna aliyekuja kufuta.

Akaniambia miaka kama elfu 20 nyuma hapa hapakuwa na bahari, bahari yote hii ilikuwa imekaliwa na barafu nene ya nchi kavu, kutoka Norwei mpaka visiwa vya Svalbard kaskazini mpaka huko Novaya Zemlya, visiwa vya Urusi upande wa mashariki, na hili handaki ndo lilikuwa njia yake ya kutokea. Barafu ilikuwa inatiririka kama uji mzito, inachimba, inasukuma tope magharibi na kulimwaga ukingoni. Mabonde yote ya bahari hii yamechimbwa hivo, na ile sehemu barafu ilipopita polepole pamebaki vilima tunaviita mafungu.

Siku ya 4, Bjørnøya

Kabla ya kufika kisiwani tulikata kona juu ya mashimo. Haya mashimo watafiti wa chuo cha Tromsø waliyatangaza mwaka 2017, zaidi ya mia moja, yapo yenye upana wa mita 300, yapo ya kilomita nzima, kina mpaka mita 30, kwenye mwamba mgumu. Hadithi yake ni kwamba gesi ya methani ilikuwa imefungiwa chini na uzito wa barafu na baridi yake, barafu ilipoondoka kifuniko kikalegea, na kama miaka elfu 12 iliyopita ikafyatuka. Mpaka leo kuna povu linapanda, kwenye skrini linaonekana kama moshi wa udi umesimama kutoka chini. Nilipiga picha ila simu inaonyesha mwanga tu.

Saa nne asubuhi wakasema Bjørnøya ile pale. Pale wapi? Ukungu mtupu. Maji ya baridi ya kaskazini na hewa ya joto ya kusini zinakutana hapa hapa, ukungu ni chakula cha kila siku. Nilianza kukisikia kisiwa kabla ya kukiona, kwanza harufu, kinyesi cha ndege cha siku nyingi, kikali kama banda la kuku lililofungwa wiki, alafu kelele. Alafu ukungu ukapasuka dakika kama tano hivi na ukuta mweusi ukasimama mbele yetu, mrefu, wima, umechorwa mistari myeupe ya mavi. Msimu wa kutotoa umeisha na ndege wengi wameshahamia baharini, waliobaki wanazunguka kama vumbi. Huko juu mlima unaitwa Miseryfjellet, mita 536, maana yake kama Mlima wa Taabu hivi, kichwa chake hatukukiona kabisa.

Kisiwa chenyewe kilomita za mraba 178, hakifiki hata nusu ya Mafia, na hakina bandari ya asili. Wanaishi watu wachache tu wa kituo cha hali ya hewa upande wa kaskazini. Jina linamaanisha Kisiwa cha Dubu, Mholanzi Willem Barentsz na wenzake walifika hapa mwezi Juni 1596 wakapigana na dubu wakamuua, basi dubu akaachiwa kisiwa na Barentsz akaja kupewa bahari nzima. Kabla ya hapo mabaharia wa Kirusi walikuwa na jina lao, Bahari ya Murman. Unaona jinsi majina yanavyokwenda kwa mwenye kuchapa ramani.

Siku ya 5, hakuna kazi

Upepo. Kreni imefungwa, winchi imefungwa, kila mtu kitandani au anajifanya anasoma. Sahani zimewekwa juu ya kitambaa kilicholoweshwa ili zisiteleze, wali wangu ukaenda mwenyewe upande wa jirani.

Niandike la sala basi, mana wengi mmeuliza. Jua linazama saivi ila halizami sana, linaingia kidogo chini ya upeo na mwanga unabaki usiku kucha, kwahiyo Maghribi unaipata lakini Isha kwa kuangalia mbingu haiji, kiza hakiingii. Nafuata ratiba niliyopewa na masheikh wa msikiti wa Tromsø. Kibla nacho ni mchezo, nikishaelekea vizuri kusini-mashariki meli inageuka kukabili wimbi na mimi nageuka nayo. Leo rakaa moja nimeimalizia nimeegemea kabati.

Siku ya 6, fungu la Spitsbergen, siku niliyoelewa

Hii siku nitaieleza kirefu mnisamehe.

Upepo umelala usiku, tukaanza kupanda mteremko kutoka handakini kwenda Spitsbergenbanken, fungu kubwa kati ya Bjørnøya na Svalbard. Stesheni zimesogezwa, kila maili chache tunasimama. Kina kinapungua, 300, 220, 150. Mama akaniweka mimi kwenye skrini akasema leo wewe soma kwa sauti, usikosee. Stesheni ya kwanza maji ya mita 100 digrii 5, chumvi 35 na kitu. Ya pili digrii 4.6. Ya tatu digrii 4. Ya nne nikasoma nikanyamaza nikadhani kifaa kimeharibika, mana imeandika 0.9. Nikamwangalia mama. Akatabasamu tu, akasema soma chumvi. Chumvi imeshuka 34 na nusu. Kati ya stesheni ya tatu na ya nne ni mwendo wa nusu saa!

Huo ndo mpaka wa ncha, wanauita hivo, upande huu maji ya Atlantiki yenye joto na chumvi, upande ule maji ya Aktiki yenye baridi na chumvi pungufu. Nikatoka nje nikachota ndoo ya maji ya juu nikaingiza mkono. Jana niliweza kuhesabu mpaka ishirini. Leo nilipofika kumi mifupa ya vidole ikaanza kuuma kama imebanwa na mlango, nikautoa mwekundu kama pilipili.

Swali nililouliza ndo hili, kwa nini mpaka uko hapa na si kilomita 100 kule? Upepo unabadilika, misimu inabadilika, lakini wanasema sehemu hii mpaka huu haubanduki, ukiuchora kwenye ramani unafuata mstari wa kina kama umechorwa na mtu mmoja. Mama akasema kwa sababu dunia inazunguka, na kwenye dunia inayozunguka mkondo mkubwa hauwezi kupanda na kushuka vilima ovyo, unalazimika kuzunguka kilima kwa kina kilekile. Nikakumbuka mifereji ya Wachaga kule Kilimanjaro, inavyouzunguka mlima ikiwa karibu usawa badala ya kuporomoka moja kwa moja. Basi maji ya Atlantiki yanaingia handakini, yanafuata ukuta wa handaki, yanazunguka yanatoka mengine, mengine yanaendelea mashariki. Na maji ya Aktiki yamekaa juu ya fungu, yanalizunguka nayo. Kila mmoja na njia yake na njia zote zimechimbwa na ile barafu ya miaka elfu 20 nyuma.

Yaani barafu ilishayeyuka zamani ila bado inaongoza maji kwa mfereji iliouacha. Nilikaa na hilo wazo mpaka chakula kikapoa.

Juu ya fungu lenyewe kina ni kama mita 40, sehemu nyingine pungufu. Ami angefurahi, hapa hata bildi yake ingefika. Maji yanajaa na kupwa kwa nguvu, yanakoroga kila kitu kutoka juu mpaka chini, mstari wa joto kwenye skrini umesimama wima kama nguzo. Tukashusha kikombe cha chuma kuchota sakafu, kikarudi na changarawe na makombe yaliyovunjika, makombe matupu kilo na kilo! Nilidhani bahari ya baridi chini ni tope tu la huzuni. Kumbe pwani ya Paje kabisa, ila ukikanyaga unakufa.

Siku ya 7, Hopen

Kisiwa chembamba kuliko vyote nilivyowahi kuona, urefu kilomita 30 na kitu na upana usiozidi kama mbili, unaweza kusema mtu kaangusha rula baharini. Kina jina la meli, Mwingereza Thomas Marmaduke alipita 1613 na meli yake Hopewell. Kuna kituo cha hali ya hewa, watu wanne. Wanne! Dubu wanakuja kuzaa hapa barafu ikifika, na ikichelewa wao pia wanakosa.

Mashariki ya kisiwa tuliona kipande cha barafu, ndo cha kwanza na cha mwisho safari nzima. Kimetoka kwenye mto wa barafu wa nchi kavu, si barafu ya bahari, ukubwa kama nyumba ya ghorofa mbili, buluu kwenye nyufa. Mawimbi yanapita lakini chenyewe hakitikisiki. Nahodha akasema kimekwama, kitako kimegusa chini. Nikamkumbuka yule kijana wa sakafu nikakimbia kumwita, na kweli tukaangalia kwenye ekosaunda kina cha pale ni kidogo. Kinachora mkwaruzo mpya. Tukasimama wote wawili tunatazama hatuongei, yeye na kahawa yake.

Siku ya 8, bonde la Olga

Hapa chumba cha maabara tulikuwa tunabishana. Mstari wa joto umekuja na tumbo. Juu digrii 3, ngozi nyembamba ya maji matamu kidogo ya barafu iliyoyeyuka. Shuka mita 60, digrii hasi 1.6, bado ni maji, chumvi inayazuia kuganda mpaka karibu hasi 1.9. Haya ni mabaki ya baridi ya Machi iliyopita, kiporo kabisa, jua la kiangazi halijayafikia. Alafu shuka tena chini kabisa, joto linapanda, limepita sifuri! Maji ya uvuguvugu chini ya maji ya baridi. Mwenzangu mmoja wa mwaka wa kwanza akasema haiwezekani, moto unapanda juu. Chumvi bwana. Ya Atlantiki yana chumvi zaidi ndo mana mazito, yameingia kwa mlango wa nyuma kupitia mabondeni yakalala chini.

Na kwenye hicho kiporo cha hasi 1.6 kuna samaki, wadogo, ndugu wa torsk, damu yao ina protini inayozuia barafu isishike. Kuhusu torsk wenyewe, kamusi inasema ni chewa, ila chewa wetu wa Unguja ni mwengine kabisa msije mkachanganya. Torsk wanakua huku Barents na kwenda kuzaa visiwa vya Lofoten pwani ya Norwei, na vichwa vyao vilivyokaushwa vinasafiri mpaka Nigeria kupikiwa supu.

Barafu ya bahari hakuna. Nimesimama nje saa nzima na darubini, kaskazini yote maji ya kijivu. Mwisho wa Agosti ukingo wa barafu uko mbali kaskazini kwetu, ila mwezi wa tatu na wa nne inashuka huku, zamani mpaka Bjørnøya na kupita, saivi inazidi kurudi nyuma. Mama anaieleza hivi: barafu inayoelea kutoka kaskazini ikiyeyuka hapa inaacha ule mfuniko wa maji matamu, mfuniko ndo unaozuia joto la chini lisipande. Barafu ikija kidogo, mfuniko unakuwa mwembamba, joto linapenya, mwaka unaofuata barafu inakuwa kidogo zaidi. Ni sufuria ambayo kifuniko chake kinaliwa na mvuke wake. Bahari yote ya Aktiki hakuna sehemu iliyopoteza barafu ya majira ya baridi kama hii.

Siku ya 9, fungu la Storbanken

Kazi ya kawaida, chupa, namba, chupa. Moja imegoma kufunga mara tatu, nimeipiga teke ikafunga, msimwambie mtu.

Tuko karibu na mstari wa Urusi. Norwei na Urusi walivutana miaka 40 kuhusu mstari huu, wakasaini Murmansk 2010, mwaka uliofuata ukaanza kazi. Meli yetu haivuki. Kwahiyo nusu ya bahari sikuiona na naiandika kwa kuambiwa: huko mashariki Novaya Zemlya imesimama kama ukuta, ni mwendelezo wa milima ya Ural ulioingia majini. Maji ya Atlantiki yakifika huko yamepoa, baridi imeyanyang'anya joto karibu lote, na barafu inapoganda inatema chumvi, maji yanazidi kuwa mazito, yanazama na kutoka kati ya Novaya Zemlya na visiwa vya Franz Josef Land, alafu yanapita handaki la Mtakatifu Anna, yanaenda kulala kwenye kilindi cha Aktiki. Yaliingia mlango wa Bjørnøya kama mgeni wa joto, yanatokea mlango wa nyuma hayatambuliki.

Barentsz naye huko ndo mwisho wake. Meli ilibanwa na barafu 1596 wakajenga kibanda cha mbao, watu 17, wakakaa kipupwe kizima. Alikufa Juni 1597 wakiwa kwenye mashua wanarudi, 12 walifika kwao. Kibanda kikaja kukutwa na Mnorwei 1871, vyombo vyao bado ndani.

Siku ya 10, bonde la Hopen

Tope! Kina mita 300 na kitu. Tumeshusha boksi la chuma lenye uzito wa kutosha, linajizamisha sakafuni na kufunga mlango chini. Lilipopanda likawekwa juu ya dawati likafunguliwa upande, na pale nikaona bahari imekatwa kama keki. Juu sentimita chache rangi ya chokoleti, laini, kuna mnyoo mmoja amejiviringisha kwenye kimrija chake na nyota ya bahari ndogo kuliko kucha yangu, mikono bado inatembea. Chini yake tope la kijivu, zito, linanata kama ugali wa muhogo. Nikapewa kijiko nianze kuchota kwa tabaka, na kwenye sentimita ya kumi na kitu kijiko kikagonga. Jiwe. Saizi ya yai la kuku, jekundu jekundu, kona zimesuguliwa.

Jiwe katikati ya tope laini, nchi kavu ya karibu iko mbali huko, mkondo wa hapa hauwezi kusukuma hata mchanga. Kijana wa sakafu akalipokea, akalisuuza, akaligeuza kwenye mwanga, akasema limekuja kwa barafu. Kipande cha barafu kililing'oa mahali, labda Svalbard, kikaelea nalo, kikayeyuka hapa juu, likadondoka.

Siku ya 11 na 12, kurudi

Tunashuka kusini moja kwa moja, maji yanapanda joto kila tukisimama, 2, 4, 6, tumevuka mpaka usiku wakati nimelala, nimekasirika. Mpishi amepika samaki kwa viazi mara ya tano.

Baharia mmoja mzee alitusimulia habari ya dhahabu, wakati wa vita ya pili meli ya kivita ya Uingereza, Edinburgh, ilizama 1942 ikitoka Murmansk na zaidi ya tani 4 za dhahabu ya Warusi, na 1981 wazamiaji wakaifuata wakaitoa karibu yote. Kina mita 245. Ingekuwa bahari ya maili mbili kwenda chini labda dhahabu ingekuwa iko huko mpaka leo.

Jioni tukaiona Nordkapp kwa mbali, rasi imekatwa juu kama meza. Usiku mwanga wa kiwanda cha gesi cha Melkøya, gesi ya kwenye rafu hiihii ya Barents, inakuja kwa bomba chini ya bahari. Na ghafla simu ikaanza kulia, meseji 340.

Asubuhi Tromsø. Kitu cha kwanza nimempigia ami. Nikamwambia pima 125 kwa wastani, mahandaki yake yanafika 260, na kuna fungu halizidi pima 20 na kidogo. Kimya. Alafu, "na bildi ilileta nini?" Nikamwambia fungu lilileta makombe na changarawe, bonde lilileta tope la kijivu, na ndani ya tope jiwe. Nikamtumia picha.

Akakaa kama dakika mbili nasikia kuku wa nyuma ya nyumba. Alafu akasema, "jiwe hili halikuzaliwa humo topeni."

"Ndio ami."

"Sasa lilipandaje chombo?"

Nikavuta kiti nikakaa, mana hiyo ni hadithi ya kuanzia mwanzo.